Shaba ya Bi Nusrat

Stata iliyofunguliwa kwenye gari, ikawekwa juu ya meza ya bati mbali na betri na mbali na waya wa aina yoyote, haina sababu ya kuwa na joto. Hata asiyejua kufungua boneti analijua hilo. Shufaa Hamza, fundi umeme wa magari pale Ipogolo, chini ya kilima cha Iringa mjini, alikuwa amelijua kwa miaka kumi na tisa. Ndiyo maana Jumanne ile ya Julai, aliporudi kutoka kunywa chai akaweka kiganja juu ya ganda la stata na kulikuta lina joto kama shavu la mtu aliyelala, alikiondoa kiganja, akakifuta kwenye ovaroli, akakirudisha. Joto lilikuwa pale pale.

Alianza kwa kulisingizia jua. Lakini jua la Iringa mwezi wa Julai ni la kuonyesha tu. Lilikuwa limetoka nusu saa iliyopita, na upepo wa kutoka mto Ruaha ulikuwa bado unawapiga mafundi masikioni. Akamsingizia baba yake, Mzee Hamza, kwamba labda ametua birika la chai pale mezani. Mzee Hamza, aliyekuwa mlangoni juu ya tairi bovu na kofia yake ya sufi, akasema birika liko miguuni kwake na halijatoka hapo tangu asubuhi. Basi Shufaa akafanya wanavyofanya mafundi wote wakikutana na kitu wasichokielewa: akachukua spana akaendelea na kazi.

Stata ilikuwa ya Mzee Ezekia wa Mafinga, mstaafu wa mambo ya misitu, mtu mrefu anayevaa koti la mvua mwaka mzima. Landrova yake ya petroli ilitoka kiwandani mwaka sitini na nane, na mkewe huwaambia watu kwamba mumewe anaitunza kuliko anavyoyatunza mapafu yake. Jumatatu iliburutwa na lori la mbao mpaka mlangoni kwa Shufaa. Mzee alieleza kwamba wiki tatu sasa stata inalia tu, haizungushi injini, na yeye anaiwasha kwa kupiga hendo, ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini kwa mbele, na umri wa kupiga hendo umempita. Binti yake Joyness alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki hiyo, na ameapa hapandi gari lingine kwenda kanisani. Kisha, akiangalia pembeni kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu, akaongeza kwamba kabla ya kufa kabisa stata ilikuwa na tabia ya kuzunguka yenyewe bila ufunguo. Siku za Alhamisi, jioni.

Shufaa alicheka. Alichomoa betri, akatandika gunia, akaingia chini ya gari. Landrova za zamani zinataka spana za inchi, na spana za inchi pale Ipogolo alikuwa nazo yeye peke yake, alizorithi kwa baba yake kabla macho ya mzee hayajaingia ukungu. Bolti ya chini ilitoka kwa adabu. Ya juu haionekani. Hutafutwa kwa vidole tu, fundi amelala chali na shavu limegusa chesisi. Ilimchukua saa nzima na matusi ya kutosha. Ilipolegea, mzigo ule wa chuma ukamshukia kifuani taratibu mno, na kwa kitambo akahisi kana kwamba umemkumbatia.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Sasa Jumanne, joto au si joto, aliifungua. Alipiga alama kwa tindo kwenye ganda na kwenye kifuniko ili wakati wa kufunga kila kitu kirudi mahali pake. Akanyanyua springi kwa waya aliopinda mwenyewe, akatoa kaboni nne za kupitishia umeme, zilizoliwa mpaka kubaki kama punje za mahindi. Akachomoa mhimili wenye nyaya nene za shaba, ule ambao mafundi huuita amecha. Kila stata mbovu ikifunguliwa hutoa harufu moja: oili iliyoungua na vumbi la klachi. Hii ilitoa harufu ya ubani.

Si ya mbali, wala si ya kubahatisha. Ubani mzito wa chumbani, wenye udi ndani yake, wa nyumba ambayo madirisha hayafunguliwi. Shufaa aliinama akanusa ndani ya kifuniko cha mwisho, kwenye bushi, kile kipete cha shaba ambamo ncha ya amecha huzunguka. Harufu ilitoka pale. Bushi ilikuwa imelika mpaka imebaki nyembamba kama ganda la yai, na hapo ndipo ugonjwa wa gari ulipokuwa: amecha ililegea, ikawa inasugua kando badala ya kuzunguka katikati. Akaisukuma bushi kwa kidole gumba itoke. Ikatoka, na katika kutoka ikamkata. Upande wake wa nje, ambao fundi wa zamani hakuukereza mpaka mwisho, ulikuwa na nakshi: nusu ya ua na mkia wa herufi.

Akavuta kiti cha plastiki akakaa apate kujifunga kidole. Alikaa, kwa hesabu yake, dakika mbili. Alipoinua macho, adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshapita, damu ya kidole ilikuwa imekauka ikawa nyeusi, na Didas, jirani mwenye mashine ya kukereza vyuma, alikuwa amesimama mbele yake akimuuliza kwa mara ya nne kama anaumwa. Kwenye meza, amecha ambayo hakuna mtu aliyeigusa ilikuwa imejigeuza nusu mzunguko. Alijua, kwa sababu alikuwa ameipiga alama ya chaki.

Aliinuka. Aliinuka kwa shida, kama mtu anayejing'oa kwenye tope, na akamwambia Didas kwamba ni uchovu.

Mzee Hamza aliporudi kutoka msikitini Shufaa alimpa ile bushi mkononi. Mzee haoni vizuri, lakini vidole vyake bado vinasoma. Alipopapasa ile nusu ya ua, akamwambia binti yake afunge mlango wa gereji.

Akamweleza yote, polepole, akiangalia chini. Mama yake mzazi, Bi Nusrat, bibi yake Shufaa, alikuwa kiti, yaani mtu anayekaliwa na jini. Watu wa ukoo wao walipopanda kutoka pwani kuja kufanya biashara Iringa, walipanda na chetezo cha shaba cha kufukizia, na ndani ya chetezo walipanda na jini. Nyumbani hawakumwita jini, walimwita Mgeni. Mgeni hakuvunja vyombo wala hakunyonga watoto. Alitaka vitu viwili tu: ubani kila Alhamisi jioni, na mwanamke mmoja wa ukoo awe kiti chake. Bi Nusrat alikaliwa akiwa na miaka ishirini na saba, na tangu siku hiyo naye akakaa. Hakuwa mgonjwa. Alikula, alicheka, aliwasuka wajukuu nywele, ila alikaa, kwenye kigoda kile kile, ndani ya chumba kile kile cha nyumba yao ya Miyomboni, miaka arobaini. Mwanawe mkubwa alipofariki jeneza lilipitishwa mlangoni mwa chumba chake, na yeye aliliangalia likipita ameketi, machozi yanamtoka, magoti hayamtii.

Alipofariki Bi Nusrat mwenyewe, miaka thelathini na moja iliyopita, Hamza alitoka makaburini akiwa na hasira, akachukua nyundo akakipiga kile chetezo mpaka mguu ukaachana na kikombe. Wiki hiyo hiyo gerejini kwake kulikuwa na landrova ya Mafinga inayosubiri bushi ya stata, na bushi hazipatikani.

"Niliona shaba nzuri," alisema Mzee Hamza. "Nikashindwa kuitupa. Nikakereza mguu wake nikaingiza kwenye stata. Nilidhani nimemmaliza, mwanangu. Kumbe nilimhamisha tu."

Shufaa alimuuliza kwa nini basi miaka yote hiyo jini alitulia. Mzee hakujua. Alichojua ni kwamba sasa amemgusa mjukuu wa Nusrat, kwa damu, na Alhamisi ilikuwa keshokutwa.

Jumatano ilikuwa mbaya. Asubuhi dereva wa lori alikuja kuuliza habari za betri yake, Shufaa akafungua mdomo amjibu, na mdomo ukasema, kwa lafudhi laini ya mwambao ambayo hakuwahi kuwa nayo maishani mwake, "Nitandikie mkeka, uniletee kahawa." Dereva alicheka akidhani anataniwa. Mzee Hamza hakucheka, aliijua sauti: ndiyo iliyokuwa ikitoka kinywani mwa mama yake. Mchana Shufaa alikula amesimama. Kila kitu cha kukalia kilikuwa kinamwita: lile tairi, ngazi ya lori, ukingo wa mtaro. Na alasiri, aliposwali nyuma ya gereji kwenye mkeka wake, akakaa kikao cha mwisho, akatoa salamu kulia na akatoa salamu kushoto, magoti yakakataa, na akabaki pale huku kivuli cha ukuta kikimpita mapajani na kifuani na usoni, akisikia nyundo za wenzake kama zinagongwa nchi nyingine, akisikia nyuma yake kitu kikijishusha kwa uangalifu wa mzee anayejaribu kiti kipya, kwanza uzito kidogo, kisha kidogo tena, kisha pumzi moja ndefu ya kuridhika iliyomgusa kisogoni na kunuka udi, na akajua kwamba angeweza kulia au kuomba au kucheka lakini hangeweza kusimama, na kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa kwa bibi yake, wala haiumi, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya wake wote, kwamba haiumi.

Mzee Hamza alimkuta hivyo. Akamshika kwapani, akamsomea, akamvuta, mpaka uzito ukaachia. Shufaa akasimama. Alikuwa amekasirika mpaka masikio yanawaka. Alisema kesho yake hatakaa hata mara moja, na asiyeamini aje aangalie.

Alhamisi mchana Shangazi Bibie, aliyeitwa na Mzee Hamza kwa simu, alishuka kwenye basi la Mbeya. Alikuwa dada mkubwa wa Mzee Hamza, mama wa miaka themanini mwenye sauti ya chini na mikono iliyojaa hina, na yeye ndiye aliyemhudumia Bi Nusrat mpaka mwisho. Mambo ya Mgeni hakuna aliyeyajua kumshinda. Katika kikapu alikuwa na ubani, marashi na shuka jeupe. Chini ya shuka alikuwa na kigoda cha Bi Nusrat chenyewe, kimelika katikati kwa kukaliwa miaka arobaini. Alikiweka chini katikati ya gereji, baina ya mitungi ya gesi na betri mbovu, akamwangalia mtoto wa kaka yake.

Alichokiona kilimfanya aulize kama huku Iringa watu wameanza wazimu. Shufaa alikuwa amejifunga vipande viwili vya nondo nyuma ya miguu, kuanzia pajani mpaka kisigino, kwa mipira ya tyubu, magoti yasikunjike hata yakitaka. Alitembea kwa kujitupa upande huu na upande huu kama bata.

"Shikamoo, shangazi," alisema Shufaa.

"Marahaba, mwanangu. Fungua hizo takataka, ukae. Hakuna ubaya. Ukikubali mwenyewe atakuwa mpole. Utakula vizuri, utaheshimiwa, watu watakuja kukuomba dua."

"Na kazi yangu?"

"Utaletewa kila kitu ulipo."

"Sikuuliza nitaletewa nini. Nimeuliza kazi yangu."

Shangazi Bibie alipangusa vumbi kwenye kigoda. Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi kwamba jua likizama leo Mgeni atakaa, kwa hiari au kwa nguvu, na akikaa kwa nguvu, kiti hakiinuki tena hata kwa ajili ya kujisaidia. Alisema alijaribu kujitoa yeye usiku wa jana, aliomba kwa machozi, lakini Mgeni hamtaki. Magoti yake yameoza. Shufaa alimwona shangazi yake anavyoona haya kwa kukataliwa, akamhurumia. Lakini hakufungua nondo.

"Mimi si kiti cha mtu," alisema. "Nikuulize kitu kimoja. Miaka hii thelathini na moja alikuwa wapi?"

"Ndani ya hiyo shaba ya baba yako."

"Alimkalia nani?"

Shangazi Bibie akamwangalia Mzee Hamza, Mzee Hamza akaangalia sakafu. Mgeni hakuwa amemkalia mtu yeyote. Mke wa Ezekia alipanda gari lile kila Jumapili na hakuwahi kupungukiwa na goti.

"Basi ninyi mnaona jini," alisema Shufaa, "mimi naona bushi imelika. Ilipokuwa nene alitulia. Imekuwa nyembamba, kaanza kutoka Alhamisi moja baada ya nyingine, anatafuta pa kukaa. Nyumba yake nitaitengeneza. Mimi mwenyewe hanipati."

Shangazi Bibie alisema hakuna mtu anayemjengea jini nyumba bila kumuuliza anataka nini. Shufaa akajibu kwamba hana mpango wa kumuuliza.

Kilichobaki kilikuwa shaba, na shaba ya kuokota dukani isingemshika. Hapo Mzee Hamza akainuka kwenye tairi lake. Akapapasa rafu ya juu, akashusha bakuli lililojaa nati ndogondogo na washa, akazimwaga zote mezani. Shufaa alikuwa amechota nati kwenye bakuli lile tangu ana miaka kumi na sita, na hakuwahi kuligeuza. Chini ya masizi kulikuwa na maua na herufi, nzima, zinazunguka ukingo mzima. Mzee alikuwa amekereza mguu tu; kikombe chenyewe cha chetezo kilikuwa kizima, naye, kama kawaida ya mafundi, alishindwa kukitupa.

Waliwasha jiko la makaa nje, wakaelekeza feni ya mashine, wakakata kikombe vipande vipande na kuvitia pamoja na ile bushi nyembamba ndani ya chungu cha chuma. Shaba ilipoyeyuka ilitoa moshi mweupe, na harufu ya ubani ikaenea mpaka barabara kuu. Madereva wa malori yaliyoegeshwa waliteremsha vioo wakaangaliana. Shufaa alimimina kwenye kalibu ya mchanga akiwa amesimama wima na miguu yake ya nondo. Kipande kilipopoa kidogo wakampelekea Didas. Didas alikubali kukikereza kwa sharti moja, kwamba asiambiwe ni cha nini. Alikereza huku amegeuza uso, jambo ambalo halipendekezwi kwenye mashine ile, na alipomaliza alisema kwamba chuma kile kililia mara mbili, na mara zote mbili kililia kwa sauti ya kiume.

Bushi mpya hulowekwa kwenye oili usiku kucha. Usiku kucha haukuwepo. Shufaa aliichemshia oili kwenye kopo nusu saa, akaipigilia kwenye kifuniko kwa kipande cha mti, akasugua amecha kwa msasa mwororo, akaweka kaboni mpya, akafunga kila kitu kwa kufuata alama alizopiga kwa tindo. Alipozungusha mhimili kwa mkono ulizunguka laini, katikati kabisa. Mzee Hamza aliweka sikio akasema, "Safi." Lilikuwa neno ambalo hakuwa amemwambia kwa muda mrefu, na Shufaa alilisikia mpaka tumboni, hata katika hali ile.

Jua lilikuwa limeegemea milima. Walimlaza Shufaa juu ya gunia, wakamsukuma chini ya landrova kama ubao, maana miguu haikunjiki. Kulala si kukaa. Kwa hilo peke yake alimshinda Mgeni. Stata aliishika kifuani kwa mkono mmoja na kuanza kuipandisha, na hapo ndipo uzito ulipoongezeka, ukawa si uzito wa stata peke yake bali wa stata na mtu aliyeikalia, ukambana mbavu mpaka pumzi zikawa zinaingia kwa zamu, na chini ya gari kukawa na joto la chumba kilichofungwa miaka mingi na giza lenye udi, na magoti yake yakaanza kusukumana na nondo kwa nguvu isiyokuwa yake, mpira wa tyubu ukalia, ukapasuka mmoja kwenye mguu wa kushoto, kisha mdomo wake ukafunguka bila ruhusa yake na kusema polepole, kwa ile lafudhi laini, kwa uchovu uliokaribia kumtia huruma:

"Nimechoka kuzungushwa. Nataka kukaa."

Shufaa aliusubiri mdomo umalize. Ulipomrudia aliulamba, akaonja marashi.

"Na mimi nimechoka," alisema. "Baba amechoka, shangazi amepanda basi tangu alfajiri. Bibi yangu alichoka miaka arobaini, hukumwonea huruma. Kazi ipo."

Akaibana stata mahali pake, akaingiza bolti ya chini, akaikaza. Kisha akapeleka mkono juu, kwenye ile bolti isiyoonekana, kutafuta kwa vidole. Vidole vikakuta vidole. Vilikuwa vikavu, vyembamba, vyenye pete, na vilikuwa vimeishika bolti vikiizuia isiingie kwenye tundu. Nje, Shangazi Bibie alimsikia mtoto wa kaka yake akiguna, akaanza kusoma kwa sauti. Shufaa alifumba macho. Moyo ulikuwa unampiga hadi kwenye meno, na alitaka, kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, kutoa mkono wake pale na kukimbia. Badala yake akavisukuma vile vidole, bolti na vyote, mpaka bolti ikaelekea tundu lake.

"Haya," alimnong'oneza. "Shika hapo hapo. Mimi nakaza."

Na spana ya inchi ikazunguka, robo kwa robo, na vile vidole havikuwa na pa kwenda. Alivisikia vikijaribu kuchomoka. Vikavutwa ndani na bolti, uzi kwa uzi, mpaka spana ikagota.

"Nitoe!" alisema. Mzee Hamza na Shangazi Bibie wakamvuta kwa visigino.

Adhana ya magharibi ilianza akiwa amesimama mbele ya boneti, ameshika ukingo kwa mikono miwili, mguu wa kushoto unakunjika na wa kulia bado unagoma. Mzee alikuwa ameshaunganisha betri na kuufungua ufunguo hatua ya kwanza, kwa kupapasa. Kukaa kwenye kiti cha dereva kuzungusha ufunguo hakukuwezekana. Kiti ni kiti. Lakini landrova za zamani zina kitufe cha mpira kwenye ukuta wa injini, kwenye swichi ya stata, ambacho fundi anaweza kukibonyeza kwa dole gumba amesimama. Alikibonyeza. Kimya. Nyuma yake alikisikia kigoda cha bibi yake kikisogea chenyewe juu ya sakafu ya saruji, kikikwaruza, kikija, mpaka ukingo wake ukamgusa nyuma ya visigino. Mpira wa mwisho wa tyubu ukakatika.

Alibonyeza tena kwa dole gumba lenye kidonda, akiwa anashuka.

Stata ikapiga yowe moja fupi, ikauma gurudumu la injini, ikazungusha. Mara moja, mbili, na landrova ya mwaka sitini na nane ikakohoa moshi wa buluu usoni kwa Shangazi Bibie, ikawaka. Uzito ukamtoka Shufaa mgongoni kwa ghafla mno hata akajigonga kichwa kwenye boneti iliyo wazi. Tusi alilolitoa lilikuwa la Ipogolo, halina mwambao ndani yake hata kidogo.

Mzee Ezekia, aliyekuwa ametoka Mafinga na kuingia gerejini wakati wa adhana, alisimama mlangoni na koti lake la mvua. Waliona hakuna namna ya kumficha, wakamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akafikiria.

"Kwa hiyo hii gari yangu itawaka Jumamosi?"

"Itawaka," alisema Shufaa. "Ila kila mwaka uilete kwangu nipime bushi. Na fundi mwingine asiifungue, Mzee Ezekia. Hata akiwa ndugu yako."

"Mimi kwangu ni miaka thelathini na kitu naye," alisema Ezekia. "Hajanisumbua." Akazima injini, akaenda nje kupiga simu nyumbani.

Shangazi Bibie alikiona kigoda mahali kilipofika akakisukuma kwa mguu, upesi, kama mtu anayefukuza nyoka. Shufaa akamwomba akirudishe. Shangazi akakataa. Mzee Hamza naye akasema asithubutu, wangoje walau siku tatu. Shufaa alikivuta mwenyewe.

Wote wawili walimwangalia akijishusha. Alikaa. Alihisi lile bonde la katikati, lililochongwa na mwili wa bibi yake kwa miaka arobaini, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne machozi yakamtoka. Kisha akainuka. Magoti yalikuwa yake. Akakaa tena, akainuka tena, akacheka, akakaa. Akaomba chai.

Shangazi Bibie alikuwa anammiminia wakati stata ilipoanza. Betri ilikuwa imeshachomolewa, waya wake uko wazi, haugusi kitu. Kutoka chini ya gari ulitoka mlio mdogo, wa chuma kinachojaribu kuzunguka na hakiwezi, ukapanda, ukashuka, ukapanda tena, kama mwenye nyumba anayemwita mtumishi. Shangazi akaliweka birika chini. Mzee Hamza alitaja jina la Mungu.

Shufaa hakuinuka. Alipokea kikombe, akatia sukari vijiko viwili, akakoroga.

"Jumamosi," aliliambia gari. "Saa mbili asubuhi. Na usichelewe, ni harusi ya watu."

Mlio ukaendelea kidogo, ukakatika. Akanyoosha miguu mbele, akainywa chai yake taratibu mpaka ikaisha, ameketi.